Nilikemewa mbele ya mkrismasi

Makumbusho haya nilikuwa nimeshayaandikia nyota moja. Mtoto wa kaka yangu, ambaye ndiye aliyenipeleka, akanisihi: "Shangazi, lala kwanza, utaandika kesho." Nimelala mara mbili na bado roho haijatulia, kwa hiyo naandika hivyo hivyo.

Ilikuwa katikati ya wiki, tarehe sikumbuki, jua la Florida limeshakuwa kali tangu asubuhi. Makumbusho yalikuwa na maonyesho ya Highwaymen, wachoraji weusi wa Fort Pierce na maeneo ya jirani: mabwawa, minazi, mawimbi, anga la jioni. Picha zote ni mali ya mkusanyaji mmoja. Chumba cha kwanza, ukuta wa kushoto, nikakutana na nani? Mkrismasi. Mkrismasi huuhuu tunaoujua, umewaka maua mekundu, kivuli chake kimelala juu ya maji. Nilicheka peke yangu. Mti asili yake Madagascar, na mimi nimepanda ndege mbili kuja kuukuta Marekani ukutani!

Nikainama kuutazama vizuri, mikono nimeifunga mgongoni. Kwenye kona ya chini niliona alama, kama ya kidole gumba, imezama kwenye rangi. Hapo ndipo sauti ikanilipukia kisogoni: "Mama! Rudi nyuma! Hivi ni vitu vya thamani!"

Chumba kizima kiligeuka. Kulikuwa na watoto wa shule, nao wakageuka. Nikasema samahani. Yule kijana mlinzi hata hakuitikia, alininyooshea kidole kwenye mstari wa sakafuni, ambao nilikuwa sijauvuka. Haikupita muda, bwana mmoja mwenye miwani akasogeza pua mpaka nikadhani ananusa rangi. Mlinzi kimya, anahesabu taa za dari. Nikamfuata: "Na yule je?" Akanijibu kwamba yule anatazama tu. Kwani mimi nilikuwa napiga mswaki?

Ningemsamehe kama ingekuwa picha nyingine. Lakini hizi! Miaka ya 1950 na 1960, ubaguzi ukiwa umeshika hatamu, hakuna jumba la sanaa lililowafungulia mlango hawa watu. Kazi iliyokuwa ikiwasubiri ni kuchuma machungwa mashambani. Wakachora kwenye bodi za ujenzi za bei rahisi, fremu wakaziunga kwa fito za urembo, zile ambazo fundi hupigilia pale ukuta unapokutana na dari. Kisha wakapakia kwenye buti la gari rangi ikiwa bado mbichi, wakaingia barabarani kuuza mlango kwa mlango: moteli, benki, ofisi za madaktari. Picha moja kama dola 25. Alfred Hair, mmoja wao, alikuwa akizipanga bodi nyingi kwa mpigo, anapita na brashi kutoka moja hadi nyingine, mbingu zote kwanza, miti baadaye. Picha imeshikwa na mikono ya watu, imepigwa na vumbi la barabara, imelaliwa na mwenzake ndani ya buti. Leo pumzi yangu ndiyo itaiharibu?

Halafu vibao. Jina la mkusanyaji limeandikwa kila mahali kwa herufi nene, la mchoraji limejibanza chini yake kama mpangaji aliyechelewesha kodi. Mary Ann Carroll, mwanamke pekee kati ya wachoraji 26 waliotambuliwa na jimbo mwaka 2004, amepewa mistari miwili. Mwanamke aliyeendesha gari peke yake kwenda kuuza picha kwa wazungu, enzi zile! Na jina lenyewe la Highwaymen walibandikwa mwaka 1994, Hair akiwa kaburini tangu 1970, alipopigwa risasi baa akiwa na miaka 29. Kwa Kiingereza neno hilo pia ni wanyang'anyi wa njiani. Nilivitazama vile vibao nikajiuliza nani hasa ananyang'anya nani. Basi, nisizidishe, huyo mkusanyaji simjui, na bila yeye pengine picha hizi zingeishia jalalani.

Nilimkumbuka mchoraji wetu Edward Saidi Tingatinga, hadibodi zake na rangi za baiskeli, naye risasi ikamkuta mwaka 1972. Nikawa sina hamu tena. Nikamwambia kijana wangu twende zetu.

Akanivuta chumba cha pili, na hapo mambo yakageuka. Mlinzi wa humo ni mzee, mvi tupu. Aliponiona nimenuna aliniuliza kama nimependa. Nikamwambia nimefukuzwa kwenye mti. Akacheka, akanisogeza mwenyewe mpaka kwenye wimbi alilochora Harold Newton, akanionyesha jinsi mwanga unavyopenya mgongo wa maji kabla halijavunjika. Mimi ningepita tu. Akasema nyumbani kwao ilikuwepo moja kama ile, juu ya kochi, baba yake aliinunua mlangoni, na shati la mama yake likapata rangi. Iko wapi sasa? Waliiuza walipohama, kwa pesa ya kununulia mafuta ya gari. Alilisema hilo huku akiutazama ukuta. Tulisimama pale muda mrefu, hakuna aliyetuambia turudi nyuma.

Kwa yule mzee ningetoa nyota tano na nauli yake ya kurudi nyumbani. Nikatoka nimelainika kabisa, mpaka nilipopita dukani kwao na kukuta skafu ya mkrismasi uleule, imechapwa kiwandani, dola 48. Najua, najua, pesa imeshuka thamani tangu enzi hizo. Msinieleze.

"Shangazi, sasa niweke ngapi?" Simu anayo yeye. Nikamwambia mbili. Tulipofika kwenye gari nikasema tatu. Sasa hivi nikikumbuka kile kidole kinachoninyooshea sakafu narudi kwenye mbili, na zote ni za mzee.

Mkienda, piteni moja kwa moja chumba cha pili. Mkrismasi mtauona mkitoka, saa ya chakula, yule kijana akiwa hayupo. Angalieni kona ya chini, upande wa kulia.