Gemu nzuri ya mafumbo inayoharibiwa na kitufe kimoja

Sitaki kuzungumzia picha wala muziki, hivyo mtajionea wenyewe. Nazungumzia kitufe cha kurudi nyuma ndani ya gemu, kile cha kutengua hatua uliyokwisha kupiga, maana ndicho kilichonipandisha hasira mpaka nikaizima simu.

Ndani ya gemu hii wewe ni hamali wa ghalani, unasukuma makasha hadi kwenye alama zake. Kwenye sakafu ya kawaida kasha linasogea mraba mmoja. Ukifika kwenye levo za barafu linateleza moja kwa moja mpaka ligonge kitu. Sasa sukuma kasha liteleze miraba minne, halafu bonyeza kurudi nyuma. Hamali anarudi alipokuwa, sawa. Kasha linarudi mraba mmoja tu! Linasimama katikati ya barafu, mahali ambapo kwa sheria za gemu yenyewe haliwezi kusimama. Ukibonyeza tena unazidi kuvuruga. Na kwa kuwa gemu inajihifadhi yenyewe kila hatua, ukitoka na kuingia upya unalikuta kasha limekukodolea macho palepale. Inabidi uanze levo upya, na hizo za barafu ni ndefu kwelikweli.

Nilimwandikia mtengenezaji kwa adabu zote, na video ya skrini nikamtumia. Akanijibu kwamba mafumbo yake ni magumu kwa makusudi, nijifunze kufikiri kabla ya kusukuma. Basi. Kuhusu kasha, hata neno.

Kaka, nifikirie nini wakati kasha limekaa pasipokalika? Michezo hii ya kusukuma inatokana na Sokoban ya Mjapani Hiroyuki Imabayashi, iliyotoka mwaka 1982, na kanuni yake haijabadilika: unasukuma, huvuti. Kasha likiingia kwenye kona, limekwisha. Kwa hiyo kurudi nyuma ndiyo njia yenyewe ya kufikiri: unajaribu, unaona lilipoenda, unarudi, unajaribu upande mwingine. Baba Is You ya Mfini Arvi Teikari, ya mwaka 2019, inaumiza kichwa kuliko hii yako, lakini unarudi hatua kwa hatua hadi mwanzo wa levo na kila kitu unakikuta pale kilipokuwa. Hata PuzzleScript, chombo cha bure cha kutengenezea gemu za mafumbo alichokitoa Stephen Lavelle mwaka 2013, kina kitufe cha Z cha kurudi nyuma na cha R cha kuanza upya bila mtengenezaji kuhangaika. Wewe umetoza watu pesa.

Kutelezesha kidole nako kuna shida yake. Ukishika simu kwa mkono mmoja, dole gumba haliendi juu wima, linapinda kidogo. Gemu inasoma mwanzo tu wa ule mpindo, haisubiri kidole kifike, kwa hiyo unataka juu, hamali anakwenda kulia. Na ukitelezesha wakati kasha bado linateleza, amri yako inapotea. Haya ningeyavumilia, nimeshayavumilia kwenye gemu nyingine. Lakini hamali akienda kulia bila kutumwa, akasukuma kasha barafuni, unakimbilia kitufe gani? Kilekile kibovu.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mafumbo yenyewe ni mazuri mno. Kuna levo moja unalitoa kasha la kwanza mhanga, unaliacha liwe ukuta wa kulizuia la pili. Kumbe la pili, ukilizungukia kwa nyuma, ndilo linalokuja kumzuia hamali, ambaye naye huteleza barafuni, asiteleze, ili alikomboe lile la kwanza. Nilipoligundua nilipiga kelele watu wa nyumbani wakaja kuuliza kuna nini. Aliyetunga levo ile ana kichwa. Kwa levo ile peke yake nilishaweka nyota tatu, na nilikuwa nafikiria kuongeza.

Halafu nikaenda kulisoma tena lile jibu. Nifikiri kabla ya kusukuma! Mtu amelipa, amekaa amekurekodia hitilafu yako, amekuonyesha mraba kwa mraba, unamwambia hajui kufikiri? Nimeshusha hadi nyota moja.

Hifadhi ubao mzima kila hatua, makasha yote pamoja na hamali, halafu kurudi nyuma kuurudishe ubao mzima. Ukitoa toleo lenye marekebisho hayo, nyota zako nazirudisha siku hiyohiyo, na sehemu ya pili nainunua.