Kikomeo cha MGB yangu kimesubiwa Lamu

Nina MGB, gari dogo la michezo la Kiingereza, ya mwaka 1969, usukani kulia, niliyoachiwa na baba mkubwa hapa Malindi. Injini yake ya cc 1798 hainisumbui, na zile kabureta zake mbili za SU ukishazijua tabia zinakutii. Kilichoninyima raha miaka miwili mizima ni kitu kisichozidi kidole gumba: kikomeo cha kile kioo kidogo cha pembetatu upande wa dereva. Bila kikomeo, kioo hakifungi. Wakati wa kaskazi unavumilia. Kusi ikianza, kioo kinajifungua, kinagonga fremu njia nzima, na mvua ya Mei inakuingilia mpaka mapajani.

Mwenye gari la zamani huku pwani anaujua ugonjwa huu. Vikomeo hivi si chuma. Ni mchanganyiko wa zinki uliomiminwa kwenye kalibu, kisha ukapakwa kromu. Kromu ina vitundu visivyoonekana kwa macho. Hewa ya chumvi inapenya humo, zinki inaliwa chini kwa chini, juu panatoka vipele, na siku moja unashika ufungue kioo, kipande kinabaki mkononi. Kukiunga kwa moto ni kukimaliza, maana zinki hiyo inayeyuka hata kabla ya kufika nyuzi 400.

Niliagiza Uingereza kwanza. MGB zilitengenezwa zaidi ya nusu milioni kati ya 1962 na 1980, kwa hiyo vipuri vyake vingi bado vinatolewa vipya. Posta na ushuru vilizidi bei ya kipuri chenyewe, na kilipofika tundu la pini lilikuwa limekaa pembeni. Kiligeuka, lakini hakikukaza. Baadaye kijana mmoja Mombasa alinichapia cha plastiki kwa mashine ya pande tatu (3D). Kilinikaa sawasawa, na nilifurahi kwa siku tatu. Siku ya nne niliegesha juani kuanzia saa tano mpaka saa nane, na niliporudi kilikuwa kimepinda kama mshumaa. Plastiki aliyotumia, ile ya PLA, inaanza kulegea kwenye nyuzi kama 60, na gari lililofungwa vioo kwa jua la Malindi linafika huko. Mtu akikuchapia kipuri cha ndani ya gari, muulize kwanza ni plastiki gani.

Lamu nilikwenda kwa arusi, si kwa gari. Lakini kikomeo cha upande wa kushoto, ambacho bado kizima, nilikuwa nacho mfukoni. Binamu yangu alikiona akaniambia nimpelekee sonara anayemtengenezea mkewe bangili. Tukapita vichochoro, tukipishana na punda, mpaka kwenye kibaraza cha mzee mmoja mwenye miwani minene.

"Salaam aleikum, ami."

"Waaleikumu salaam. Karibu mwanangu, keti. Umeleta nini?"

Nikamkabidhi. Akakipitisha kucha kila pembe, akakipima uzito kiganjani.

"Cha gari sijapata kufanya. Lakini umbo nimeliona. Wataka kama hiki?"

"La, ami. Hiki ni cha kushoto. Nataka mwenziwe wa kulia."

"Kama makubadhi, basi."

Hapo ndipo nilipojua nimefika kwa mtu. Mafundi watatu kabla yake walitaka kukigandamiza kikomeo cha kushoto kwenye udongo na kunitolea kushoto kingine. Yeye alikiegemeza kile cha kushoto mbele ya kioo kidogo cha kujitazamia, akachukua nta, akawa anachonga kile anachokiona ndani ya kioo. Kila mara anasimama, anapima kwa kalipa, anaendelea. Nilikaa pale mpaka adhana ya alasiri bila kuhisi muda.

Nta aliichonga nene kidogo kuliko kipimo. Nilimuuliza kwa nini, akasema shaba ikipoa hujikusanya. Ni kweli: shaba ya manjano hupungua kama asilimia moja na nusu, na kwenye kitu cha milimita 50 hiyo ni karibu robo tatu ya milimita, inayotosha kabisa kukufanya ukose kukaza kioo. Kisha nta inafunikwa udongo laini, udongo unakaushwa na kuchomwa, nta inatoka yote, na shaba iliyoyeyushwa kwenye nyuzi 900 na zaidi inamiminwa pale ilipokuwa nta. Huko ndiko kusubu. Siwa ya shaba ya Lamu, lile pembe kubwa la kupulizwa, ilisubiwa kwa njia hiyohiyo ya nta, na mzee alilitaja hilo kama mtu anayetaja jambo la nyumbani kwao.

Sasa kasoro. Aliniambia wiki moja, ikawa tatu, na ilibidi nipande basi tena mpaka Mokowe na kuvuka kwa boti. Cha kwanza kilitoka na kitundu shingoni, hewa ilinasa. Alikiona yeye kabla yangu, akakivunja mbele yangu na kusubu kingine bila kuongeza bei. Nilimlipa shilingi 4,000. Tundu la pini hakulitoboa. Alisema nilitoboe kwenye gari lenyewe, kikiwa mahali pake, na alikuwa na haki, kwa sababu fremu yangu imepinda kidogo na hakuna kipimo cha kitabu ambacho kingelingana nayo. Kromu niliipaka Mombasa, na juu ya shaba imeshika vizuri kuliko ilivyowahi kushika juu ya zinki.

Skrubu na bolti usimpelekee sonara, peleka kwa mkereza. Na ukienda kwa mkereza, mwambie kabisa kwamba gari hili ni la inchi, nyuzi za UNF, yaani mikato myembamba ya skrubu inayopimwa kwa inchi. Bolti ya M6, yaani ya milimita 6, ukiiweka kwenye nati ya robo inchi inacheza, halafu mtu anaikaza kwa nguvu mpaka nyuzi zote zinaisha. M5 ndiyo hatari zaidi, kwa sababu inafanana mno na skrubu ya namba 10 yenye nyuzi 32 kwa inchi. Inaingia mizunguko miwili mitatu kama yake, kisha inang'ang'ania. Nimeharibu matundu mawili ya dashibodi kwa njia hiyo na bado yananiuma.

Na tafadhali, kusubu ni kwa vikomeo, vishikio, nembo na vifuniko. Kitu chochote cha breki au cha usukani nunua kilichotengenezwa kwa kazi hiyo, hata kama utangoja miezi.

Kusi ya mwaka huu imenikuta nimefunga. Nilikwenda mpaka Watamu na kurudi kwenye mvua, na kioo hakikugonga hata mara moja. Kishikio cha kupandishia kioo cha mlango wa kushoto nacho kimeanza kutoa vipele. Nimempigia mzee simu, akanijibu, "Nna nta. Njoo nacho kabla hakijavunjika."