Chakula cha mitetea cha kinuni Chake Chake: uzoefu wangu

Nafuga kuku wa mayai nje kidogo ya mji wa Chake Chake, Pemba. Kundi nililonalo sasa nimelilea kwa chakula cha kukuzia kinachochanganywa na kinu kimoja cha hapahapa mjini, si kile cha viwandani kinachokuja kwa meli kutoka Dar es Salaam. Watu wananiuliza kama kinafaa. Kinafaa, tena sana, ila kina kasoro moja ambayo lazima niiseme.

Kwanza tuelewane chakula hichi ni cha kuku gani. Kifaranga huanza na chakula chenye protini asilimia 18 hadi 20, mpaka wiki ya 8 hivi. Kutoka hapo hadi anapokaribia kutaga ni mtetea, na mtetea hana haja ya kushindiliwa. Protini ya asilimia 15 au 16 inamtosha, na kalsiamu iwe ndogo, kama asilimia 1. Chakula cha kuku wanaotaga kina kalsiamu ya asilimia 3.5 hadi 4, kwa sababu ganda la yai moja hubeba kiasi cha gramu 2 za kalsiamu. Mtetea wa miezi mitatu hana yai la kulijengea ganda, kwa hivyo akipewa chakula hicho, kalsiamu ya ziada inatolewa kupitia kwenye figo, na figo zinaharibika. Kuku hafi siku ile. Anakufa baadaye, ameshaanza kutaga, na mwenyewe anadhani ni kideri.

Ndiyo maana nikampenda mzee wa kinuni. Hapimi kitu kabla hajauliza umri.

"Wana wiki ngapi, mwanangu?"

"Kumi na mbili, ami."

"Basi magamba ya chaza bado. Ngoja vilemba vya kichwani viwe vyekundu."

Wauzaji wengine wanakupa polo la chakula cha kutagia ilimradi umelipa, na wafugaji wengi wanalitaka hasa hilo, kwa kuamini kuwa kuku atawahi kutaga. Hawahi kwa faida. Mtetea anayeanza kutaga mwili haujakamilika hutoa mayai madogo, na wengine hutokwa na mrija wa yai kwa nyuma. Kwa sababu hiyohiyo mitetea siwawashii taa usiku; mwanga wa kwetu, wa muda wa saa kumi na mbili hivi kwa siku mwaka mzima, unawatosha.

Ukikichota chakula chenyewe kwa kiganja unaona kilichomo: mahindi yaliyopasuliwa, pumba, mashudu ya alizeti, soya na dagaa, pamoja na ile dawa ya unga ya vitamini na madini. Dagaa ndio walionivutia. Dagaa wetu wa Visiwani huchemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, na kuku akila chumvi nyingi hunywa maji kupita kiasi, kinyesi kikawa majimaji na maranda ya bandani yakarowa mpaka harufu inachoma macho. Mzee huyu anawaloweka, anawaosha, anawaanika tena juani, ndipo anasaga. Maranda ya banda langu yamekaa makavu, na mimi nayatazama hayo kabla ya kumtazama kuku.

Ushahidi wangu mwengine ni mizani. Kuku wa mayai wa rangi ya kahawia akifika wiki ya 17 anatakiwa awe na kilo 1.4 hadi 1.5. Wangu nilikuwa nawapima wachache wachache, asubuhi kabla hawajala, na walifika humo bila ya kupishana sana. Kutopishana nakuthamini kuliko uzito wenyewe, maana kundi lililolingana huanza kutaga kwa pamoja. Wakati wa kaskazi, joto likipanda, mchana hawali. Nilikuwa namwaga chakula alfajiri na tena baada ya alasiri, wakakimaliza.

Jirani zangu huwapa mitetea machicha ya nazi. Kidogo si vibaya, lakini yanajaza tumbo bila ya kujenga mwili, na yakilala yanachacha. Mimi nimeyaacha.

Kinu hichi pia kinauza magamba ya chaza na kombe, yanayookotwa pwani maji ya bamvua yakitoka, yakaoshwa na kupondwa vipande vya ukubwa wa punje ya mchele. Hayo ni ya baadae. Kiasi cha wiki mbili kabla ya yai la mwanzo mwili wa kuku huanza kuweka akiba ya kalsiamu ndani ya mifupa ya miguu. Utamjua kwa kilemba kilichowiva, na ukimwekea mkono mgongoni anachuchumaa. Hapo ndipo nilipochanganya chakula cha kukuzia na cha kutagia nusu kwa nusu, nikaweka na magamba kwenye chombo chake peke yake, kila kuku ajichukulie anavyohitaji. Vipande ni bora kuliko unga, kwa kuwa hukaa kwenye firigisi na kuyeyuka polepole usiku, wakati ambao ganda linajengwa. Chokaa ya tanuri, ile ya kupakia kuta, usiwape kabisa, inaunguza. Mayai yalipoanza kuokoteka kila siku nikahamia chakula cha kutagia moja kwa moja.

Sasa kasoro. Polo zinalazwa chini kwenye sakafu, zimeegemezwa ukutani, na masika unyevu unapanda. Polo moja nililochukua mwezi wa Aprili lilikuwa na mabonge upande wa chini na harufu ya ukungu. Mahindi yenye ukungu yanaweza kuwa na sumukuvu, inayoharibu ini, na kuipepeta au kuianika hakuiondoi. Mzee alinibadilishia bila ya maneno, jambo la kushukuru, lakini mfugaji asiyejua atawamwagia kuku wake. Nimemwomba apange mbao chini na aziache mbali na ukuta, na ameahidi. Mpaka hapo, ukienda kununua mwambie afungue polo mbele yako, tia mkono mpaka chini kabisa, nusa, ndipo ulipe. Na wakati wa mvua chukua la wiki mbili tu.