TAHADHARI: Mashua za "ukarabati mpya" zinazouzwa zikiwa majini

Ndugu mnaotafuta mashua au jahazi lililotumika kwa safari ndefu, iwe Tanga kwenda Pemba, Unguja kwenda Mafia au Lamu kwenda Mombasa, muuzaji wa kumwogopa ni yule anayekuonyesha chombo kikielea, rangi bado inanuka, na hataki kukipweleza, yaani kukipandisha nchi kavu maji yakupwapo. Visingizio ni vilevile: bamvua (siku za maji makuu) limepita, vibarua hawapo, mteja mwingine yuko njiani na pesa taslimu. Usimpe hata arubuni.

Ubao uliolowa siku kadhaa huvimba na kuziba nyufa wenyewe, kwa hiyo chombo kibovu kinaweza kutulia bandarini bila kuvuja. Kikifika mkondoni na mawimbi ya kusi yakaanza kukipinda, kalafati, yaani pamba inayoziba nafasi kati ya mbao, inachomoka, na hapo hakuna baharia atakayewahi kufua maji (kuyateka na kuyamwaga nje).

Kipwelezwe bamvua, maji yakupwe, na uje na fundi wako mwenyewe. Anzeni chini, kwenye mkuku (uti wa chini wa chombo) na mbao mbili za kwanza kila upande. Kwangueni rangi sehemu tano au sita, kisha mbonyeze kwa msumari wa inchi tatu kwa nguvu ya mkono. Ubao mzima unakataa. Uliooza unapokea msumari kama mkate. Tazameni pia vitundu vidogo mno, vya ukubwa wa kichwa cha pini. Hao ni minyoo wa baharini: nje huacha alama hiyo tu, ndani hula mfereji unaoweza kufikia unene wa kidole. Vikiwa vingi mahali pamoja, ubao huo umebaki ganda. Ni wa kubadilishwa, na gharama hiyo ipunguzwe kwenye bei. Chombo kinachotunzwa hupigwa moto wa makuti chini yake, kisha hupakwa chokaa na shahamu (mafuta ya mnyama). Muulize nahodha, si dalali, mara ya mwisho ilikuwa lini.

Ndani, inueni mbao za sakafu. Mkikuta saruji imemwagwa kwenye ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya chombo maji yanapokusanyika, ondokeni. Mara nyingi imewekwa kufunika taruma (mbavu za chombo) zilizooza, na hunasa maji ya mvua, ambayo huozesha mbao kuliko maji ya chumvi. Michirizi myeusi chini ya vichwa vya misumari, na mbao laini kuizunguka, maana yake chuma kimelika na tundu limepanuka. Msumari mpya hautashika hapo.

Tanga, foromali (mti unaobeba tanga) na henza (kamba ya kulipandishia) vinabadilishika, visikuumize kichwa sana.

Hati ndizo zinazoliza wengi. Linganisha jina na namba zilizoandikwa chomboni na cheti cha usajili, kisha uhakikishe ofisini: TASAC (Shirika la Wakala wa Meli Tanzania) kwa Tanzania Bara, Mamlaka ya Usafiri Baharini kwa Zanzibar, KMA (Kenya Maritime Authority) kwa Kenya. Vyombo vingi ni vya mirathi. Ndugu mmoja anauza, wenzake wanajitokeza ukishalipa. Dai saini za warithi wote mbele ya wakili, na usitume pesa kwa simu ili "kushikiliwa" chombo usichokigusa.

Kabla ya malipo ya mwisho, kijaribuni na shehena, tanga juu, nje ya mwamba kwenye mawimbi, angalau saa mbili. Mtu mmoja asifanye kazi nyingine yoyote ila kuangalia ngama.