Tanga hadi Saadani kwa njia ya pwani: uzoefu wangu na klabu ya magari ya foo-wili

Kama una gari la foo-wili na hujawahi kulitoa kwenye lami, safari hii inastahili hela yake. Nilienda Julai, masika yameshapita, na klabu moja inayopokea wageni wenye magari yao. Naipa nyota nne kati ya tano.

Tuliondoka Tanga alfajiri, tukashuka Pangani na kuvuka mto kwa kivuko hadi Bweni, kisha tukaelekea kusini kupitia Kipumbwi na Mkwaja mpaka Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 2005, na kati ya zote zilizo chini ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa Tanzania, ndiyo pekee inayogusa Bahari ya Hindi. Unapita minazi na mkonge, halafu vichaka vinafunguka na ngiri wanakatiza mbele ya boneti.

Kilichonikosha zaidi ni kiongozi wa msafara. Kabla ya kuingia kwenye mchanga alisimamisha magari yote, akapita tairi kwa tairi na kipimo mkononi, tukashusha upepo kutoka psi 35 hadi 18 (psi ni kipimo cha upepo wa tairi). Hakuna aliyeruhusiwa kusogea kabla hajakaguliwa. Tofauti utaiona mwenyewe: tairi linatandaa, gari linapita juu ya mchanga badala ya kuchimba. Kwa tairi ngumu, gari zito huzama hapohapo, na ukizidi kukanyaga mafuta unajizika.

Mchanga lakini si mtihani mkubwa. Mtihani ni ule udongo mweusi wa mfinyanzi. Juu umekauka na kupasuka, chini bado ni uji. Gari moja lilizama mpaka ekseli. Vijana wa klabu walichimba kwanza kwa chepe, wakatanguliza mbao chini ya tairi, ndipo wakafunga kamba, na watu wote wakaambiwa wakae mbali nayo. Kamba ikikatika wakati imevutwa inaweza kuua. Nimeona watu wakikwamuana barabarani huku watoto wamesimama pembeni kabisa ya kamba, na roho huniuma.

Tulipofika Madete, wageni wawili waliomba washuke ufukweni wakimbize magari kidogo, kwa kuwa maji yalikuwa yamekupwa na mchanga ulionekana mgumu. Kiongozi alikataa katakata, akatushusha kwa miguu. Kasa hupanda hapo usiku kutaga. Tuliona njia ya mmoja wao, mistari imekatwa pande mbili kama tairi la trekta, ikiishia juu ya alama ya maji ya bamvua, yaani pale maji makubwa kabisa yanapofika, mahali ambapo mtu angependa kupita na gari. Mayai hukaa chini ya mchanga karibu miezi miwili. Gari huyaponda au hushindilia mchanga juu yake, na hata mtaro wa tairi tu unatosha kumnasa mtoto wa kasa asifike baharini. Klabu inayowanyima wateja wake raha hiyo kwa sababu hiyo, mimi naiheshimu.

Sasa ile nyota niliyoibakiza. Tangazo halikusema kwamba kiingilio cha hifadhi ni juu ya mgeni, na langoni fedha taslimu hazipokelewi, kwa hiyo wenzetu kadhaa walihangaika na simu huku mtandao unakatika. Jambo la pili, redio za mawasiliano zilikuwa kwenye gari la mbele na la mwisho tu. Sisi wa katikati tulikula vumbi bila kujua kwa nini msafara umesimama. Kwa bei waliyotoza, kila gari lilistahili redio.

Ukienda, jaza tangi Tanga au Pangani, beba maji ya kutosha na pampu ya kujazia upepo wakati wa kurudi. Vaa nguo nyepesi za rangi hafifu, maana mbung'o wapo na hupenda bluu na nyeusi. Na wakikutangazia safari hii Aprili, kwenye masika, usiende. Ule udongo mweusi hauna dereva.