Shati la Kukaa Nalo: Vitambaa Sita kwa Mpangilio, na Namna ya Kukagua Kabla Hujalipa

Swali la kwanza ninalomuuliza mwenye duka dogo la nguo si bei wala saizi. Namuuliza, "Shati hili mlikuwa nalo mwaka jana?" Akijibu kwamba walikuwa nalo mwaka jana na mwaka juzi, na kilichobadilika ni rangi tu, hapo naweka mkoba chini na kuanza kukagua. Duka linaloshona shati lile lile mwaka hadi mwaka limepata muda wa kusikia malalamiko ya wateja na kuyafanyia kazi: mkono uliokuwa mfupi umeongezwa, kifungo kilichokuwa kikikatika kimeshonwa kwa uzi imara zaidi. Duka linalobadilisha kila kitu baada ya miezi mitatu halijifunzi chochote kuhusu shati lake, maana lalamiko likifika, shati lenyewe limeshaondoka rafuni.

Mwongozo huu unahusu shati la kola na mikono mirefu, la kike kwa la kiume. Nimelichagua kwa sababu karibu kila mtu analo, na kwa sababu ni nguo isiyoficha kitu. Koti lina bitana ya kufunika makosa, shati halina. Nimepanga vitambaa kuanzia kile ambacho ningekushauri ununue kwanza, na kipimo changu ni kimoja: shati litakuwaje likishafuliwa mara 100?

1. Oxford

Kitambaa hiki hufumwa kwa nyuzi mbili nyembamba za mtande (nyuzi za urefu wa kitambaa) zinazokwenda pamoja, zikikatizwa na uzi mmoja mnene wa mshindio (uzi wa upana). Ukikisogeza karibu na macho utaona miraba midogo kama ya mkeka. Mara nyingi mtande hutiwa rangi na mshindio huachwa mweupe, ndiyo maana buluu ya Oxford huwa tulivu, haiwaki. Ni kizito kiasi, hakionyeshi kilicho ndani, na kila kinapofuliwa kinazidi kulainika.

Ndicho kitambaa cha shati lile ambalo ncha za kola yake hubanwa kwa vifungo viwili vidogo. Brooks Brothers, duka la nguo la familia ya Brooks huko New York, walianza kuliuza mwishoni mwa karne ya 19, baada ya mmoja wa familia hiyo kuona wachezaji wa polo nchini Uingereza wakibana kola zao kwa vifungo zisiwapige usoni farasi akikimbia. Tangu wakati huo umbo lake limebadilika kidogo sana, na mtu wa miaka 20 na wa miaka 70 wote wanalivaa bila kuonekana wameazima nguo ya mwingine.

Langu nililinunua miaka 11 iliyopita kwenye duka la chumba kimoja, mafundi wawili wakiwa nyuma ya pazia. Mwaka wa 8 kola ilianza kuchanika pale inapokunjika nyuma ya shingo, panaposuguliwa na ngozi kila siku. Nikalirudisha. Fundi alifumua mshono mmoja unaoishika kola, akaigeuza ili upande uliochakaa uingie chini, akaishona tena. Kazi haikufika saa moja. Iliwezekana kwa sababu kola ile ilishonwa kwa kitambaa kile kile juu na chini, na kwa sababu aliyeishona alikuwapo bado. Hiyo ndiyo sababu napeleka pesa yangu kwenye maduka ya aina hiyo.

2. Kitani

Kama unaishi kwenye joto kali, kiweke cha kwanza. Kitani hutokana na nyuzi za shina la mmea, na sehemu kubwa ya kitani bora duniani hulimwa kwenye ukanda wa pwani unaoanzia Normandy, Ufaransa, kupitia Ubelgiji hadi Uholanzi. Hunyonya jasho haraka na kukauka haraka. Tena kina sifa ambayo wengi hawaijui: kikilowa huwa imara zaidi kuliko kikiwa kikavu, kwa hiyo kufuliwa hakukisumbui.

Kinachokisumbua ni kukunjwa mahali pale pale. Uzi wa kitani haunyumbuliki, na ukiupiga pasi kwenye mkunjo uleule kila wiki, hasa ukingoni mwa kola, utakatika hapo. Pitisha pasi nguo ikiwa na unyevunyevu, na kola uiache ijikunje yenyewe. Ukinunua, inua kitambaa kwenye mwanga. Vinundu vya hapa na pale kwenye uzi ni maumbile yake, si kasoro. Nafasi wazi zisizolingana kati ya uzi na uzi ndizo za kuogopwa, maana kitambaa hicho kitaachia kwenye mishono ya mabegani.

Hakikushika namba moja kwa sababu hujikunja dakika kumi baada ya kuvaliwa, na kuna ofisi zisizovumilia hilo.

3. Poplini

Hili ndilo shati la suti na la siku kubwa. Ufumaji wake ni wa kawaida, uzi juu uzi chini, ila mtande husongamana sana hivyo uso wake unakuwa laini na wenye kung'aa kidogo. Kwa sherehe hakuna kinachoipita, lakini kwa kudumu inapitwa na viwili vya juu.

Hapa ndipo wanunuzi hudanganyika zaidi. Utaona namba kama 80, 100, 120 au 140. Namba hiyo hueleza wembamba wa uzi, na inavyopanda uzi unazidi kuwa mwembamba. Shati la 140 ni laini kama hariri mkononi, lakini viwiko vyake vitaisha mapema. Mtu anayetaka shati la miaka achukue 80 au 100, na aulize kama uzi umesokotwa kwa nyuzi mbili. Uzi wa nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja huvumilia kwa namna ambayo uzi mmoja hauwezi.

Na maneno "pamba ya Misri" yasikufunge macho. Pamba yenye nyuzi ndefu sana, kuanzia takriban milimita 34, kweli hutoa kitambaa kisichotoa vinyweleo haraka, na hulimwa Misri, Marekani na kwingineko. Ila si kila pamba ya Misri ina nyuzi ndefu hivyo, na si kila lebo husema kweli. Mwaka 2016 duka moja kubwa la Marekani lilivunja uhusiano na kiwanda cha shuka baada ya kugundua kwamba pamba iliyoitwa ya Misri haikuwa ya Misri. Amini vidole vyako: sugua kitambaa kwa kidole gumba mara 20 mahali pamoja. Kikianza kutoa manyoya dukani, nyumbani kitatoa zaidi.

4. Shambrei, 5. Twili

Hivi viwili sina mengi ya kuvisemea. Shambrei ni kama binamu mwepesi wa jinzi, mtande wa buluu na mshindio mweupe, na uzuri wake huja na kupauka. Ni shati la Jumamosi, nami nalipenda, ila wengi wenye Oxford ya buluu hawalihitaji. Twili ina mistari ya mshazari, huanguka vizuri mwilini na haijikunji sana. Kasoro yake ni kwamba pasi kali huiacha na mng'ao usiopendeza kwenye viwiko na kola, na mng'ao huo hautoki.

6. Mchanganyiko wa pamba na poliesta

Poliesta iligunduliwa Uingereza mwaka 1941 na ina kazi zake nyingi nzuri. Msafiri wa kulala hoteli tofauti kila usiku atafurahia shati linalokauka upesi na lisilotaka pasi. Kwa wengine wote naliweka mwisho. Poliesta hainyonyi jasho, hushika harufu makwapani hata baada ya kufuliwa, na ile nguvu yake ndiyo inayoharibu sura: vitonge vidogo vya nyuzi vinavyojitokeza juu ya kitambaa havidondoki kama vya pamba, vinashikiliwa na nyuzi zisizokatika.

Ligeuze ndani nje

Kitambaa ukishakichagua, kazi bado. Ligeuze shati, ulipeleke dirishani.

Anza na mshono wa ubavuni. Ule bora umekunjwa ukafungiwa ndani, huoni ukingo wa kitambaa hata mmoja, na ukipitisha kidole unahisi mstari mwembamba ulio bapa. Ule wa haraka umefungwa kwa nyuzi za ovaloki tu, na uzi mmoja ukikatika zinafuata nyingine. Kisha hesabu mishono ndani ya sentimita moja. Saba au zaidi ni kazi ya mtu aliyetulia. Nne ni kazi ya mtu aliyekimbizwa. Tazama mistari au miraba ya kitambaa pale mfuko unapokutana na kifua, na pale mkono unapokutana na bega. Ikikutana sawasawa, ujue fundi alikubali kupoteza kitambaa kidogo ili ipatane.

Kifungo kiguse kwa shavu. Cha kombe la baharini ni baridi, na hubaki baridi kwa muda. Cha plastiki hupata joto la ngozi mara moja. Lakini kifungo cha plastiki kilichoshonwa vizuri ni bora kuliko cha kombe kinachoning'inia. Tazama kama uzi umezungushwa chini yake ukafanya kijishingo. Kijishingo hicho ndicho kinachokipa nafasi ya kupita kwenye tundu bila kuvuta kitambaa.

Kola ichunguze kwa muda mrefu kuliko kitu kingine. Ndani yake mna kitambaa cha kuikaza, ama kimeshonwa ama kimegandishwa kwa gundi na joto. Gundi nzuri hudumu. Gundi mbaya huachia, na kwa kuwa vitambaa viwili havinywei sawa (havipungui kwa kiasi kimoja vikifuliwa), kola hutoa mapovu kama rangi ya ukuta uliolowa. Nimewahi kununua shati la namna hiyo, la duka lenye taa nzuri na karatasi nzuri za kufungia, na kwenye mfuo wa nne kola ilikuwa imeumuka. Nilipolirudisha niliambiwa nimelifua vibaya.

Udogo wa duka peke yake hauthibitishi kitu. Yako maduka madogo yanayonunua shati kutoka kiwanda kile kile cha kila mtu na kubadilisha lebo ya shingoni. Yanajitambulisha kwa majibu: ukiuliza nani ameshona unajibiwa kuhusu "falsafa" ya duka. Mwenye duka halisi atakutajia kiwanda au fundi, jina la mfumaji wa kitambaa, na atakwambia bila kusita nini anarekebisha na nini harekebishi. Uliza pia kama wanahifadhi mabaki ya kitambaa. Wanaohifadhi wanatarajia kukuona tena.

Likikukaa vizuri mabegani (mshono uishie pale mfupa wa bega unapoishia, kwa sababu kiuno na mikono fundi yeyote atapunguza lakini bega halirekebishiki kirahisi), nunua moja tu. Pima kola kwa futikamba kabla hujalifua. Tangu Sanford Cluett wa Marekani alipobuni mtambo wa kukifanya kitambaa kinywee kabla hakijashonwa, karibu mwaka 1930, hakuna sababu ya shati kunywea ovyo, lakini bado wapo wanaoruka hatua hiyo. Kunywea kwa asilimia 3 kunaonekana kidogo, ila kola ya sentimita 40 itakuwa imepoteza zaidi ya sentimita 1, na kifungo cha juu hakitafungika. Lifue mara tano, pima tena, lipige pasi, kisha litazame kola na viwiko. Likiwa lilelile, rudi dukani ukachukue la rangi ya pili.