Uzoefu wangu: apatimenti ya Raskazone na LUKU iliyolisha jengo zima

Nimekuwa mpangaji wa apatimenti ya kifahari Raskazone, hapa Tanga, kwa muda wa kutosha kuijua nje na ndani, na kama nimechelewa kuandika ni kwa sababu kila nilipokaa niandike hasira ilinipanda kichwani. Bado sijapoa, lakini naona watu wanaendelea kuulizia nyumba za upande ule, na hili ninalolisema hakuna dalali atakayewaambia.

Nianze na la haki. Nyumba yenyewe ni nzuri kwelikweli. Roshani inatazama ghuba, kisiwa cha Toten kipo mbele ya macho, na upepo wa bahari ukianza asubuhi huna haja ya feni mpaka jua lipande. Mtu aliyekulia Tanga anajua Raskazone ina maana gani kwetu: ni upande wa Bombo, wa nyumba zenye bustani na miti mikubwa, upande ambao tukiwa watoto tulikuwa tukipita tunakwenda kuogelea na kurudi zetu. Bei nayo imepanda, na sababu tunaijua sote. Tangu mradi wa bomba la mafuta ghafi, lile la kilomita 1,443 kutoka Hoima nchini Uganda hadi Chongoleani, ulete wahandisi na makandarasi mjini, kila mwenye roshani inayoona maji ameijua thamani yake. Nililipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, nikampa dalali kodi ya mwezi mmoja kuwa ada yake, na sikunung'unika, kwa sababu bei niliambiwa mapema na nikaikubali kwa hiari yangu.

Kilichonifikisha hapa ni umeme. Nilipokabidhiwa funguo niliambiwa kila apatimenti ina mita yake ya LUKU, ile ya kulipia umeme kabla ya kuutumia, na kweli mita yangu niliionyeshwa. Kwa bei ya kawaida ya matumizi ya nyumbani, shilingi 10,000 hutoa uniti 28 hivi, na mimi ni mtu ninayejua matumizi ya nyumba yangu: friji, feni, pasi, televisheni, na kiyoyozi kimoja kinachowashwa usiku. Vyombo ni vilevile nilivyohama navyo, familia ni ileile, lakini uniti zilikuwa zikiyeyuka namna ambayo sijapata kuiona. Unaingiza tokeni usiku, unaamka kidude cha LUKU kinapiga kelele kwamba uniti zinakwisha. Tukaacha heta ya maji. Tukaacha kiyoyozi, kwenye nyumba ambayo kiyoyozi ni sehemu ya kile nilicholipia. Watoto wangu wakawa wanagombezwa kwa ajili ya taa ya chooni isiyo na hatia yoyote. Nilipomwambia msimamizi wa jengo, alinijibu kwamba friji yangu ni mbovu. Nikaita fundi wa friji kwa gharama yangu, akaikagua, akasema friji ni nzima.

Jioni moja nikamwita fundi umeme ninayemwamini tangu zamani. Alizunguka vyumba vyote, akaangalia mita, kisha akaniambia nizime mein swichi. Nikazima. Ndani giza, kama nilivyotarajia. Lakini na nje pia giza: taa zote za ulinzi zilizopangwa juu ya ukuta zilizimika kwa pamoja, geti la umeme likakwama katikati huku gari la jirani likiwa nusu ndani nusu barabarani, na pampu ya maji iliyokuwa ikinguruma nyuma ya jengo ikanyamaza. Mlinzi alikuja mbio akidhani umeme umekatika mtaa mzima. Akatazama nyumba za jirani, zinawaka, kisha akanitazama mimi. Fundi hakusema neno. Alifungua kisanduku cha bureka, akanionyesha waya mweusi mnene uliopenya kwenye silingi bodi kuelekea nje, umeunganishwa baada ya mita yangu na kupewa bureka yake peke yake. Juu ya bureka hiyo kulikuwa na kipande cha plasta, na juu ya plasta mtu alikuwa ameandika kwa wino mzito: NJE.

Ile plasta ndiyo iliyonimaliza nguvu. Waya unaweza kuungwa kwa bahati mbaya, fundi akachoka, akakosea njia. Lakini aliyeandika NJE alijua anachokifanya, na alitaka fundi atakayekuja baada yake ajue pia. Pampu ya kilowati moja inayopandisha maji kutoka tangi la chini hadi kwenye simtanki za juu, ikifanya kazi saa nne tu kwa siku, inakula uniti nne. Kwa mwezi ni uniti 120, ambazo kwa bei niliyoitaja ni zaidi ya shilingi 40,000, na hapo bado taa zinazowaka usiku kucha na lile geti. Katika kila uniti ya umeme huo ambao sikuutumia nilikuwa nimelipa VAT asilimia 18, tozo ya REA, ya umeme wa vijijini, asilimia 3 na ya EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, asilimia 1. Tena, tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa humohumo kwenye LUKU, na kodi hiyo ni ya mwenye jengo, si ya mpangaji, kwa hiyo nayo nilikuwa nikimlipia mtu mwingine bila yeyote kuniambia kwamba natakiwa kurudishiwa.

Kesho yake nilishuka ofisini kwa msimamizi. Ni kijana ambaye hata kitinda mimba wetu anamzidi umri. Hakuniamkia, nikamsalimu mimi, akaitikia macho yakiwa kwenye simu. Nilimwonyesha picha ya bureka, nikamweleza kwa sauti ya chini kabisa, kwa sababu mlinzi na kijana aliyeleta mtungi wa gesi walikuwa wamesimama pale mlangoni na sikutaka kumvunjia heshima mbele yao. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, na maneno yake nayaandika kama yalivyotoka: "Mama, huku ni Raskazone. Kama maisha ya huku yamekushinda, Ngamiani vyumba vimejaa." Mlinzi aliinamisha kichwa. Mimi nilitoka bila kujibu kwa sababu nilikuwa natetemeka.

Sasa niwajibu wote wanaofikiri kama yeye. Ngamiani, upande mwingine wa hapahapa Tanga, ndiko nilikozaliwa, katika mojawapo ya zile barabara za namba, kwenye nyumba ya vyumba sita iliyokuwa na mita moja. Mita moja, na kila mpangaji alijua kuwa ni moja. Mwenye friji aliongeza, mwenye balbu na redio tu alipunguziwa, anayesafiri aliaga ili asihesabiwe, na daftari la michango lilikaa kwa mama mwenye nyumba ambaye yeyote angeweza kumwomba alione. Waligombana, ndiyo, lakini waligombana juu ya kitu kilichokuwa wazi. Hakuna hata mmoja aliyekula umeme wa mwenzake kwa siri miezi na miezi, akimwona anawakemea watoto wake, halafu siku ya kubainika akamtolea kejeli. Kijana huyu amevaa shati lililonyooshwa, ana kadi yenye cheo, na adabu ya yule mama na daftari lake hajaifikia hata robo.

Nilikuwa tayari kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inamwekea anayepangisha sehemu ya jengo jukumu la kutunza paa, kuta kuu, mifereji mikuu na sehemu za pamoja, na sioni ni kwa hoja gani pampu ya jengo zima ingekuwa mzigo wa mpangaji mmoja. Kabla ya kufika huko niliitafuta namba ya mwenye nyumba mwenyewe, mzee anayeishi Dar es Salaam, nikampigia. Sikuwa nimemaliza maelezo alipoanza kunipa pole. Aliomba picha, akaituma kwa fundi wake, na kabla wiki haijaisha ule waya ulikuwa umehamishwa. Tukapiga hesabu pamoja kwa simu, mimi na kalamu yangu, yeye na yake, na kiasi tulichokubaliana kikaondolewa kwenye kodi inayofuata pamoja na ile kodi ya majengo. Mzee yule aliniita mwanangu tangu mwanzo wa mazungumzo hadi mwisho. Shilingi 10,000 yangu sasa inafanya kazi kama inavyopaswa, kiyoyozi kimerudi, na kama mngeniuliza wiki ile ningewaambia bila kusita: njooni, nyumba ni nzuri na mwenye nyumba ni muungwana.

Lakini baadaye mlinzi, siku ambayo tulikuwa tunazungumza mengine kabisa, aliniambia kwamba aliyekaa kabla yangu katika apatimenti ileile aliondoka kwa sababu ya LUKU. Mimi nilikuwa nimeambiwa kwamba alishindwa kodi. Kumbe alilalamika, akaambiwa vyombo vyake ni vibovu, akachoka, akahama, na msimamizi akaendelea kuisema vibaya heshima ya mtu ambaye kosa lake lilikuwa kuwalipia wengine umeme. Kwa maana hiyo ile hadithi ya friji mbovu haikutungwa kwa ajili yangu. Ilikuwa imekwisha kutumika. Nilipomweleza mzee alisikitika, akasema atalishughulikia, na naamini alikusudia alichosema. Msimamizi bado yupo. Ananipita getini kana kwamba mimi ni nguzo, na juzi nilimwona akiwatembeza wateja wapya kwenye apatimenti ya chini, akiwaonyesha bahari.

Kwa hiyo jawabu langu la wiki ile nalifuta. Anayetaka kupanga pale aende na fundi wake, azime mein swichi mbele ya msimamizi, atoke nje atazame ni nini kingine kimezimika, ndipo azungumzie kodi. Mimi mkataba wangu unakaribia kwisha, na mkataba mpya umeletwa, uko mezani. Nimemjulisha mzee masharti yangu: kifungu kinachosema sehemu za pamoja zina mita yake, kingine kinachosema kodi ya majengo inarudishwa kila ninapokatwa, na kijana wake aje mlangoni kwangu aniombe radhi kwa kauli yake, mlinzi akiwepo, kama alivyokuwepo siku ile. Viwili vya kwanza vimekubaliwa. Cha tatu mzee anasema nimpe muda, na mpaka sasa sijasaini.